Mpaka Getini

Jumatatu, 3 Februari
Wiki ya nne binti yangu hajakanyaga shule. Leo nimeshona sketi kumi na nne za shule ileile, na ya kwake inaning'inia nyuma ya mlango. Tulimwita Chiriku kwa sababu akianza kuongea hakuna wa kumnyamazisha. Sasa ni "ndiyo", "hapana", basi. Miaka kumi na mitano!
Lakini mchana kamaliza sahani yote. Naandika nisije nikasahau.

Jumanne, 4 Februari
Kliniki. Mshauri, mama mmoja asiye na haraka, anasema huu ni wasiwasi uliopita kiasi. Ni ugonjwa, unatibika, ila si kwa kumvuta mtu mkono. Nikainamisha kichwa. Maana nilimvuta — mwezi uliopita, barabarani, watu wanatazama.
"Nilikosea, mwanangu," nikamwambia palepale.
Njiani kurudi akashika mkono wa shati langu, hakuuachia mpaka nyumbani.
Mpango ni hatua ndogondogo. Kwanza avae sare tu, halafu avue.

Alhamisi, 6 Februari
Kavaa. Dakika kumi. Kavua. Mama yake kachelewa zamu yake kiwandani, eti anatafuta kiatu. Kiatu alikuwa nacho mguuni!

Jumamosi, 8 Februari
Dada yangu kaja. Hajakaa vizuri, kaanza. Namdekeza mtoto. Hana homa, hana kidonda, ugonjwa gani huo? Angekuwa wake angeshapona zamani. Mimi nachezea futi shingoni kama mjinga.
Mlango wa chumba ukafunguka.
"Shikamoo, Shangazi." Ni Chiriku, kashika kitasa. "Kila asubuhi moyo unanienda mbio. Mikono inakufa ganzi. Nakosa pumzi, naona nakufa. Sijifanyi. Ningependa sana kuwa najifanya."
Akarudi ndani, akafunga mlango taratibu.
Dada yangu akavuta kikombe karibu. Akanywa chai yake yote. Kwenye kuaga akaenda kusimama mlangoni kwa Chiriku: "Sikujua, mwanangu." Tu.
Nilitaka kupiga makofi. Nikajizuia.

Jumatatu, 10 Februari
Tumeanza njia ya shule, tumefika kwenye kona ya duka la dawa. Hapo akagoma, akaegemea ukuta, jasho. Nami nikaegemea. Tukavuta pumzi kama tulivyofundishwa kliniki, mpita njia akatuuliza kama tumepotea! Chiriku akacheka. Kacheka, jamani.
"Kesho tena, Baba." Kasema yeye, si mimi.

Jumatano, 12 Februari
Mpaka getini! Hakuingia, lakini kamkabidhi mlinzi barua ampelekee mwalimu mkuu. Kaiandika mwenyewe, sikubadilisha hata nukta. Anaomba aanze na maktaba, saa moja tu kwa siku. Asiulizwe alikuwa wapi. Aruhusiwe kuondoka kabla ya mapumziko, maana kundi la watu ndilo linalomziba pumzi.
Mwalimu mkuu kapiga simu jioni. Kakubali yote. Anasema watu wazima wengi hawawezi kuandika barua kama ile. Mama yake kaomba arudie, anajifanya simu inakatakata.

Alhamisi, 13 Februari
Naandika kwenye benchi ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la shule, nyuma ya daftari la vipimo.
Saa tatu kamili kaingia. Hakugeuka. Mgongo umenyooka — hata mimi sitembei hivyo.
Saa nne. Ndio muda wa kutoka. Hajatoka.
Saa nne na robo. Mlinzi kavuka barabara.
"Mzee, binti yako kasema uende kazini."
"Analia?"
"Analia nini? Anasoma."
Nikasimama. Nikakaa tena. Niende vipi?
Saa nne na nusu. Kengele ya mapumziko! Uwanja umejaa, makelele matupu.
Namwona kupitia getini. Yuko mlango wa maktaba, mkono mmoja kwenye fremu, kifua kinapanda na kushuka. Kaniona. Wenzake wanapita mbele yake makundi kwa makundi.
Hajarudi ndani. Na hajaja kwangu.