Kinga ya Meko Iliyowekwa Barabarani

Bertrand, na wewe Sabine,

Supu ya vitunguu iko jikoni, ipasheni moto polepole. Mkate nunueni, wa jana nimewapa kuku.

Jana mliniuliza kama ile kinga ya meko ya kuzuia cheche, ya shaba na wavu, itolewe nje na vitu vikuukuu vya kuchukuliwa na gari la manispaa. Nikasema, “Fanyeni mpendavyo.” Leo asubuhi nimeiona barabarani, imeegemezwa kwenye godoro bovu. Marehemu baba yenu aliiegemezea visigino kila jioni akiota moto, mpaka wavu ukabonyea. Nikaendelea kunywa kahawa. Sikulia, Sabine, usinionee huruma. Hata ladha ya kahawa sikuisikia.

Kabla gari halijafika, Odile wa nyumba ya mbele akatoka na gauni la kulalia, akaibeba mbio kama mwizi. Sasa dohani lake linafuka moshi.

~~Naenda kumnyang'anya.~~

Naenda kukaa naye. Nataka nione kama nitasikia joto. Msinifuate. Chakula cha jioni nitakula huko huko. Odile kupika hajui, lakini moto anao.

Mama