Mpagazi Msibani

Mama, shikamoo. Kile kifua kimetulia, au bado unajifanya mzima ukisikia hatua za Doto mlangoni? Mimi mwili hauna shida, ila roho imenyong'onyea, nikaona heri nikuandikie wewe kuliko kuendelea kutazama ukuta.

Unamkumbuka Yohana, yule Mgogo niliyepangwa naye chumba kimoja hapa chuoni Dodoma? Siku hizi hapa kila ambaye baba yake ana duka anajiona kakijenga chuo yeye. Basi mwaka jana wenzetu wawili walimwekea Yohana bakuli bovu kitandani, na sarafu ndani, eti Mgogo hapati usingizi bila kuomba. Alilikung'uta bakuli dirishani, akalala na viatu.

Mkuu wa chuo alipopata habari alitukusanya wote. Alisema chuo hiki ni cha kila mtu, na atakayemdharau mwenzake kwa kabila, dini au maumbile atafungasha. Tangazo likabandikwa kwenye kila mlango wa bweni. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ila tangu hapo na mimi nikaogopa kumtania Yohana, wakati wewe ndiye uliyenifundisha kuwa Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu enzi za mababu, hata msibani. Tukawa tunasalimiana kama makarani.

Mwezi uliopita mama yake alifariki, huko kwao Chamwino. Mama yule alinipenda sana. Nikienda kwao alikuwa akiniita mpagazi, kama babu zetu waliobeba mizigo ya misafara, ananiuliza mizigo yake nimeitupa wapi. Namjibu, "Lipa kwanza, ombaomba wee," naye anacheka huku akiniongezea mlenda.

Tulikwenda kuzika pamoja na mlezi wa wanafunzi. Pale kaburini nikasimama nyuma, mikono kifuani, mwenye adabu zangu. Yohana akanigeukia.

"Kulwa, mama anaondoka bila mtani?"

Nikajitupa chini mbele ya jeneza. "Habebwi mtu hapa! Mpagazi wake ni mimi! Nyie ombaomba, hata jembe la kuchimbia mmeazima!" Wazee wakaangua kicheko, shangazi zake wakanivuta miguu. Yohana alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akalia. Tangu mama yake afe alikuwa hajalia.

Jumatatu niliitwa ofisini. Mlezi akasema kumwita Mgogo ombaomba ndiyo dharau ile ile iliyokatazwa. Nikajua narudi nyumbani Urambo. Mara Yohana akaingia, kichwa kimenyolewa.

"Mzee, tangazo lenu lilinipa usingizi, naomba lisibanduliwe. Lakini wale waliniwekea bakuli ili nikimbie. Huyu amelala mavumbini ili mama yangu azikwe na watu wake."

Mlezi akaniambia nirudi darasani.

Nilirudi peke yangu, mama. Yohana alikuwa amekuja kuchukua vitu vyake. Ana wadogo zake, na hakuna mwingine wa kuwalea. Tangazo bado liko mlangoni na kitanda cha chini hakina mtu. Wale waliotaka aondoke wamepata walichotaka, na safari hii hawakuvunja sheria yoyote. Inaniuma sana.

Nisalimie babu na mizinga yake ya nyuki, shangazi wa Kaliua, na pacha wangu Doto, umwambie asithubutu kuuza baiskeli yangu. Na ukikutana na Mgogo yeyote pale stesheni, mtukane kidogo kwa niaba yangu, halafu umpe maji ya kunywa.

Mimi mwanao,
Kulwa