Lugha ya Nyumba ya Ruti

Ruti, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,
Jambo sana. Goti linakuachia upumzike? Mimi ni mzima, ila tumbo limekua mpaka mume wangu Mbabazi ndiye anayenifunga viatu. Mtoto atazaliwa Mei. Uje umwogeshe na umpe jina, kama koko, mama yako, alivyonifanyia mimi.
Binti yako,
Divine

Nakivale, 20 Machi

Binti yangu,
Nakusalimu sana. Goti linauma, mengine Mungu anasaidia. Nasikia wewe na mume wako mnaongea Kiswahili cha soko la Kakoba hata mezani: nusu cha kwetu, nusu cha askari, na Kinyankore juu yake. Mwanangu, lugha hiyo ilizaliwa kwenye foleni ya maharage hapa kambini. Kila mtu alileta neno lake kwa sababu ya njaa. Ni ya kununulia nyanya. Jina la kwetu huitwa kwa Kifuliiru, na mtoto huyu hatalielewa. Sitakuja. Imeniuma kuandika hivi.
Mama yako

Ruti, 2 Juni

Mama,
Natumaini u mzima. Amezaliwa Mei 14, msichana. Karibu wiki tatu sasa hana jina. Mbabazi alitaka kumpa la mama yake, nikakataa, nakungoja wewe. Akilia namwimbia Kifuliiru, kinaniishia njiani. Mbabazi anaanza Kinyankore, nisichokielewa. Mwisho tunamwambia, “Lala kamama, baba iko hapa.” Kwa maneno hayo ndivyo tulivyopendana. Hatuna mengine.
Binti yako

Nakivale, 11 Juni

Mama wa mjukuu wangu,
Mmeamkaje wote wawili? Jana asubuhi nilisinzia mlangoni, ukungu wa ziwa ukiwa bado haujaondoka, nikamwota marehemu baba yako. Unamjua Nicodème: aliyeingia na Kiswahili nyumbani alirudishwa nje akakiache na viatu. Amekuja na koti lake la harusi, bila haraka, akauliza, “Mutoto yetu iko fasi gani? Mbona hamumuite?”

Kwa Kiswahili cha foleni! Nilitaka kumgombeza. Kisha nikakumbuka wodi ile ya hapa kambini alimolazwa mpaka mwisho, Warundi huku, Wasomali kule, wauguzi Waganda. Hapo ndipo alipojifunza kuomba maji, na kushukuru. Hata kuniaga aliniaga hivyo. Nilikuwa nimejisahaulisha.

Kesho napanda gari. Nitamwita jina lake mara mbili, kwa Kifuliiru, kisha kwa hicho chenu, ili na baba yako asikie.
Koko wake