Ile Mashine ya Karoti, Kosa ni Langu

Bumbuli,
Lushoto.
9 Julai 2025

Mpendwa kaka Fanueli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Njombe, wewe na wifi Elizabeti na watoto. Mguu wa wifi unaendeleaje? Huku tunashukuru Mungu, tunapumua. Baridi ya mwaka huu imetushika kisawasawa, ukungu unaingia mpaka jikoni, na mimi nimelirudia lile koti uliloliacha ulipokuja kwenye harusi. Usilidai, limeshakuwa langu.

Mjukuu wetu Eliza ameota meno na anauma kila anachokiona. Juzi alimng'ata mchungaji kidole wakati wa kumbariki. Paskalina aliona aibu, mimi nilicheka mpaka nikatoka nje.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kwenye simu wewe huniuliza maswali katikati, nami napata pa kuchepukia. Jambo hili nataka nilimalize lote.

Mwezi wa tano nilikupigia nikakuambia kuwa mkwe wetu Alen alikosea hesabu za mashine ya kuoshea karoti, na mama mmoja wa Mtae akavunjika mkono. Mkono ulivunjika kweli. Lile la hesabu ni uongo wangu. Nawe kwa kuniamini ukamwambia rafiki yako wa huko Njombe mwenye karakana ya zana za kilimo asimchukue Alen, ingawa ni wewe mwenyewe uliyempendekeza. Tangu siku hiyo sina amani, kaka. Nikimwona kijana anapita uani najifanya natafuta kitu kabatini.

Unajua tulivyoanza. Miaka yote nimekuwa dalali wa mboga, nikiwaona akina mama wameinama mtoni wakiosha karoti ili zipakiwe kwenye malori. Alen alipomwoa Paskalina, injinia mzima wa mitambo, nikaona Mungu ameniletea mtu mlangoni. Tukafungua karakana. Yeye atengeneze, mimi niuze.

Lakini wewe ndiye uliyekuwa mshenga, na unajua mkwe wa Kishambaa anavyomheshimu mama mkwe. Hatuli meza moja. Nikiingia karakana anasimama na kuangalia chini. Akiwa na neno hulipitisha kwa Paskalina, na Paskalina hunifikishia akiwa ameshalipunguza makali. Nikiagiza lolote, jibu ni moja: "Sawa, mama." Nami nililipenda sana jibu hilo. Nilikuwa nimepata injinia asiyeweza kunibishia, nikadhani hiyo ndiyo maana ya kuelewana kazini.

Mtae nilikwenda peke yangu. Nilirudi nimeshawaahidi akina mama mashine ya pipa kubwa la kuzungusha kwa mpini, na tarehe nimeshawapa, hata kabla Alen hajajua kuna safari. Paskalina akaja na ujumbe: "Alen anaomba akawaone kwanza hao wateja. Anasema pipa kubwa likijaa maji na karoti litawashinda nguvu, na mpini lazima uwekewe kizuizi usirudi nyuma. Anahitaji muda."

Nikamjibu, "Mwambie fundi akae na vyuma vyake. Wateja aniachie mimi."

Nilimwita fundi, kaka. Kijana ambaye kanisani najisifia kuwa ni injinia wangu.

Siku ya kuijaribu mashine huko Mtae, kizuizi kikiwa hakijawekwa kwa sababu ya tarehe yangu, walikuja watu wengi. Sesilia, mwenyekiti wa kikundi chao, ndiye aliyeshika mpini wa kwanza. Alizungusha vizuri mwanzoni, watu wakapiga vigelegele. Pipa lilipojaa likamzidi, mpini ukarudi kwa kasi na kumpiga mkono. Sitaki kukuandikia alivyolia.

Mzee mmoja wa kanisa akauliza kwa ukali ni nani ametengeneza kitu kile. Mdomo wangu ukatangulia: "Ndio hawa wasomi wetu wa vyuoni, mzee. Hesabu za kwenye karatasi." Watu wakatikisa vichwa. Alen alikuwa amepiga magoti, anamfunga Sesilia mkono kwa shati lake mwenyewe. Alinisikia vizuri. Hakusema kitu, maana angesemaje mbele ya umati, na mimi ni mama mkwe wake? Nililijua hilo nilipokuwa nasema, na ndiyo sababu nilisema.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona Sesilia. Mkono unaunga, ila bado hawezi kushika jembe. Nilimpelekea sukari na mchele, akashukuru kwa "hongea" ya Kishambaa, kwa adabu ya kwetu, halafu akaninyoosha bila kupandisha sauti.

"Mama Paskalina, wewe ulikuja ukatuuliza tunataka pipa kubwa au dogo. Sasa nani atachagua dogo? Ungetuuliza kinachotuumiza, tungekuambia ni baridi ya maji. Vidole vinakufa ganzi. Jioni siwezi hata kumfunga mtoto vifungo vya shati."

Sisi madalali tunajua kuuliza swali linaloleta jibu tulilokuja nalo mfukoni. Alen alikuwa anaomba akaulize lile jingine, nami nikamfungia mlango. Angewaona wale akina mama siku moja tu wakiwa mtoni, huenda tungetengeneza kitu kingine kabisa.

Niliposhuka kutoka Mtae nilikwenda moja kwa moja karakana, nikaketi kwenye benchi lake la kazi. Kama kawaida akasimama. Nikamwambia, "Alen, ile mashine ni kosa langu, na maneno yale mbele za watu ni dhambi yangu. Nisamehe."

Akaangalia chini. "Sawa, mama."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimemzoesha kunijibu hivyo kwa kila jambo, na sasa sijui kama amenisamehe au ameniitikia tu. Hata leo sijui.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hili. Mrudie rafiki yako umweleze kuwa dada yako alisema uongo. Mwambie hivyohivyo, usinitafutie maneno laini. Mwambie kijana huyu aliona hatari kabla ya kuchomelea chuma cha kwanza, akasema, na hakusikilizwa. Na mwajiri yeyote atakayempata, ampeleke kwa wakulima kabla ya kumwambia atengeneze nini, asiwape watu tarehe ambazo kijana mwenyewe hajaziafiki, na asidhani kimya chake ni kukubali.

Hapo juu unaona nimefuta mistari mingi mpaka karatasi imechafuka. Nilikuwa nimeandika kwamba rafiki yako amchukue Alen kabla mwezi huu haujaisha, na wewe uwatafutie nyumba yeye na Paskalina. Niliandika nikilia, maana Eliza angekwenda nao, lakini nikajiona nimetenda haki. Ndipo Paskalina akaingia na mtoto mgongoni, akauliza naandika nini. Nikamsomea. Nilitegemea atanishukuru.

Akaniuliza, "Na mwenyewe umemuuliza?"

Kaka, niliiweka kalamu chini. Bado nilikuwa nampangia.

Nikamwomba amwite. Alen akaja akasimama mlangoni. Nikamkaribisha aketi, hakuketi. Nikamuuliza anataka nini, halafu nikanyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kulima. Paskalina alipofungua mdomo ili amsemee, Alen akamzuia kwa mkono.

"Hapana, mama," akasema. "Nikiitaka Njombe nitampigia mjomba mwenyewe. Na ile mashine ya watu wa Lukozi haiendi. Haiko salama."

Ya Lukozi ni ya pipa kubwa kama ile ya Mtae, nami nilishawaambia itafika Jumamosi na gari nimeshaliagiza. Alinitazama usoni, kaka, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Nikamwambia, "Haiendi." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kazini.

Kesho nakwenda Lukozi kuwaambia. Nitakwenda peke yangu, na wakiuliza ni nani aliyekosea hesabu, safari hii watalipata jina lenyewe.

Nisalimie sana wifi Elizabeti, na shangazi Raheli ukimwona, mwambie nguo aliyoniagiza nimeipata. Paskalina anakuamkia. Alen sikumuuliza kama nimpelekee salamu zake, kwa hiyo sizipeleki. Mungu akutunze wewe na nyumba yako, awape afya na mavuno mema, na mimi anifundishe kunyamaza kabla sijazeeka zaidi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye haya leo,

Sharoni, Mama Paskalina