Picha aliyopewa mgeni rasmi

Itigi, Jumamosi

Bado nina hasira. Tangu masika namtafutia Neema wateja wa picha anazochora, watu wa kawaida tu, na leo mnadani akapatikana mmoja. Mama muuza kuku aliipenda ile ya ng'ombe mwekundu. "Niwekee, niuze kuku kwanza."

Kabla hajarudi, afisa utamaduni akaichukua bure ampe mgeni rasmi aliyealikwa mnadani, eti Neema ajulikane. Ni yuleyule aliyetunyima mkopo kwa sababu kuchora si kazi.

Mgeni akaondoka, picha akaiacha kwenye kiti. Nikamwambia afisa airudishe.

"Hiyo sasa ni mali ya serikali."

Mama wa kuku alishafika, hela mkononi. Akamwambia Neema, "Mwanangu, nichoree ng'ombe mwingine. Ila usimwonyeshe mtu."

Na kazi yangu mimi ni kuzionyesha.