Sijda Ndefu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mwongo Ghada! Mke wa mwanangu, naishi naye, nakula naye, halafu ananiambia mbele ya mumewe ati usiku kucha nimekoroma mpaka ukuta unatetemeka. Nimekoroma na nani? Sijapata lepe la usingizi tangu Maulidi! Mtu aliyelala anaamka na kichwa kama kimetwangwa kinuni? Na Ramadhani hiyo, inakuja. Nitasimama vipi tarawehe mimi?

Jumatano, 5 Februari

Wamenipeleka hospitali. Daktari — kijana wa Kichaga, Elimringi — akashika upande wa Ghada. Ati nalala, ila koo linaziba, pumzi inakatika, mwili unagutuka, ndiyo maana sishibi usingizi. Nilale ubavu. Kahawa mwisho adhuhuri. Mchana nisisinzie. Tena nikalale kwao usiku mmoja na waya kichwani wanipime. Nikamwambia, mwanangu, sijalala nyumba ya mtu tangu niolewe, nije nilale kwako? Akacheka. Mimi sikucheka.

Ghada kachukua mpira wa mwanawe, Rahaf, kaushonea mgongoni mwa gauni langu la kulalia, nisiweze kulala chali. Mtu mzima na nundu kama ng'ombe!

Jumamosi, 8 Februari

Mpira bure. Ubavu bure. Kahawa nimeacha, kichwa kinagonga — bure.

Usingizi unanijia pasipo pake tu: kwenye mswala. Paji likigusa chini, basi, nimekwenda. Leo Adhuhuri moja nimetia udhu mara tatu, maana usingizi unautengua.

Mwanne kaniona. Huyu wa Lindi, anauza vitenge duka la chini, huwa anapanda kuswali kwetu. "Bibi, mashallah, sijda yako! Sisi tunadonoa kama kuku." Ningemwambia nilikuwa nimelala. Ulimi ukagoma. Nikajibu, "Mola anajaalia."

Astaghfirullah.

Jumanne, 11 Februari

Mwanne na domo lake! Leo kaniletea wanawake wawili, wauza viatu vya mitumba pale Mchikichini. Shikamoo Bibi, marahaba, tuombee. Mmoja mwanawe yuko wodini. Mwingine binti yake hashiki mimba. Nilipaswa kuwafukuza. Badala yake nikakunjua mswala mbele yao, kiburi hicho. Nikashuka sijdani na haja zao. Nikazilalia. Nimeamka udenda umelowesha mswala, wao wameshaondoka kwa kunyata wasinisumbue, na haja ya mtu sijaifikisha popote.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika nilivyosimuliwa, maana mimi sikuwepo.

Darsa ya wanawake ilikuwa kwetu. Tumeswali, nikaongeza sunna yangu. Nikashuka, sikuinuka. Ghada akasikia mkoromo, halafu mkoromo ukakatika. Kimya. Akanyanyuka aje, Mwanne akamshika baibui: "Mwache, yuko na Mola wake." Wenzake wakamkemea, we binti huna adabu? Wakangoja. Wengine machozi yanawatoka! Nilipoanguka ubavu ndipo wakaona midomo imekuwa myeusi. Wakapiga mayowe. Ghada kawasukuma wote, akanizaba kofi mpaka nikavuta pumzi.

Kofi la mkamwana! Shavu bado la moto.

Mwanne aliponifungulia vifungo vya gauni nikamwambia: "Nilikuwa nimelala. Siku zote nalala." Akasema, "Bibi, unyenyekevu huo." Hakuna wa kuniamini. Nikisema silali, mwongo. Nikisema nalala, walii wa Mungu!

Sasa wameondoka. Ghada anakuna nazi, haniangalii. Nyama imekwisha, bado anakuna kifuu. Nami sijui neno la kumpa mtu aliyekupiga ukapona.

Waya za hospitali nimezikataa, na hata nikizikubali, mtu wa umri wangu atarekebishwa nini? Usingizi wa kushiba kwangu umebaki ule wa Kisutu, makaburini. Na siku hiyo mtaa mzima utasema kafia kwenye ibada, mashallah, laiti na sisi.

Adhana ya Alasiri hiyo.

Ghada! Acha hiyo nazi. Nawa mikono uje ukae nyuma ya mswala wangu. Nikikawia chini usinihesabie thawabu. Nipige.