Maiti Iliyokohoa

Shoga, uko wapi? Nimechoka, hata kulia siwezi.

Ile kompyuta niliyoiunda kwa mikono yangu, leo asubuhi nimeiwekea kadi mpya ya picha, ile inayopeleka picha kwenye kioo. Nikawasha. Feni zinazunguka, kioo giza totoro.

Nikaifungua. Nikachomoa memori, nikaipuliza, nikairudisha. Giza! Mara tano, shoga, mgongo si wangu tena. Mama ananishikia tochi huku akinipa pole kama tuko msibani.

Hapo mdomo ukanitoka. Nikasema bosi na ripoti yake ya leo asubiri mpaka upara wake uote nywele.

Mama akanishika bega. "Mwanangu, maiti yako imekohoa."

Imekohoa!

Kumbe waya wa kioo nimeuacha kwenye tundu la zamani, badala ya kuuhamishia kwenye kadi mpya. Kompyuta ilikuwa nzima tangu mwanzo. Na si wewe ulinifundisha kuitegesha? Ikiwaka tu, inajiunga yenyewe na kikao cha ofisi cha mtandaoni, kipaza sauti wazi, maana mimi na kuchelewa ni mapacha.

Nikahamisha waya. Kioo kikawaka. Idara nzima imejipanga, kila mtu anatazama chini. Aliyekohoa ni mhasibu, maskini, alikuwa anajaribu kuniokoa.

Nikasema, "Samahani bosi, kompyuta ilikuwa imekufa."

Bosi akajipapasa kichwa, taratibu, mbele na nyuma.

"Pole na msiba. Ripoti usiwe na haraka nayo. Zikianza kuota nitakujulisha."